Nondo, Kiwavi na Picha ya Simu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa chakula wa shule)



 Katibu aliponiandikia aliniachia mwenyewe nichague jambo la kuzungumzia, akaweka sharti moja tu: lisihusu mchango wa paa la maktaba, kwa vile hilo la paa lina mzungumzaji wake. Basi nimeona nizungumze juu ya kazi iliyonishika miaka hii ya karibuni, nikiwa kazini na hata baada ya kustaafu, yaani kumtambua mdudu kwa kutazama picha yake. Nitasema zaidi juu ya nondo na watoto wao, viwavi.

Sina budi kueleza mapema ni nondo yupi. Jirani yangu mmoja alisikia kwamba nashughulika na nondo, akaja asubuhi na mapema kuniuliza bei ya milimita 12. Alikuwa anafunga lenta. Ikanibidi nimweleze kwamba nondo wangu wanaruka.

Wale tuliomaliza hapa mwaka 1979 tutaikumbuka taa ya baraza la bweni la pili. Jenereta lilizimwa saa nne usiku, lakini kabla ya hapo, hasa mvua za kwanza zilipoanguka, taa ile ilizungukwa na wadudu hata ukuta ukabadilika rangi. Mwalimu wetu wa Biolojia alitupa kazi ya kukusanya wadudu 20, tuwabandike kwa pini juu ya boksi na kuandika jina la kila mmoja. Mimi nilipata alama 11. Nondo wanne niliwaita vipepeo. Mwalimu hakunigombeza, alinipa lenzi akaniambia nitazame vipapasio. Kipepeo ana vipapasio vyenye kirungu mwishoni, kama kijiti cha kiberiti. Vipapasio vya nondo ni kama uzi, au kama unyoya, au kama kitana. Kosa langu lilikuwa la wengi, maana watu hudhani vipepeo ndio wengi na nondo ni wale wachache wa usiku. Kinyume chake ndiyo kweli. Aina za nondo na vipepeo zilizokwisha kupewa majina na wataalamu ni kiasi cha 160,000, na katika hizo vipepeo hawafiki 20,000. Zote zilizobaki ni nondo.

Nilipoanza kazi ya ubwana shamba, mkulima aliyeona mdudu asiyemjua alimleta ofisini ndani ya kiberiti. Nasikitika kusema kwamba wakati ule tuliwacheka. Leo natambua kwamba kiberiti kile kilikuwa na kila kitu. Ulimwaga mdudu juu ya karatasi, ukamgeuza kwa sindano, ukatazama tumbo, ukahesabu miguu, ukampima kwa rula. Ukishindwa, ulimtia katika spiriti na kumpeleka kwa wakubwa. Hivi leo mkulima hapandi basi. Anapiga picha kwa simu na baada ya dakika moja mimi ninayo mkononi, hata kama niko msibani. Ni jambo jema sana na silipingi. Lakini picha, Ndugu Mwenyekiti, haigeuziki. Ukitaka kuona tumbo la mdudu aliyepigwa picha mgongoni, hata ukiigeuza simu chini juu hutaliona.

Nitawapa kisa kimoja, na kosa katika kisa hiki ni langu mwenyewe.

Masika ya mwaka 2017 nilikuwa kazini katika wilaya moja ya Mkoa wa Morogoro. Mama mmoja mjane, mwenye ekari tatu za mahindi, aliniletea picha kwa simu ya mwanawe. Ilipigwa jioni na mkono ulitetemeka kidogo. Ilionyesha kiwavi wa rangi ya weusi na kijani, ameinama katikati ya mhindi, pale majani machanga yanapochomoza. Kichwa kilikuwa kimezama ndani ya majani, na sehemu ya nyuma imefunikwa na kinyesi chake. Kilichoonekana ni mgongo tu. Chini yake aliandika: "Habari za kazi Bwana Shamba. Huyu ni mdudu gani, na nipige dawa gani?"

Nilimjibu upesi, nikajisifu moyoni kwa upesi huo. Sehemu zetu zile viwavijeshi si wageni. Ni kiwavi wa Afrika hii hii, ambaye wataalamu humwita Spodoptera exempta. Nondo wake husafiri na upepo wa mvua, na mwaka akizidi huwa mamia kwa maelfu, weusi, wakitembea pamoja kama askari kutoka shamba hadi shamba. Serikali za Afrika Mashariki zimemfuatilia kwa miaka mingi kwa mitego ya nondo, na kituo cha Tengeru karibu na Arusha kimejulikana sana kwa kazi hiyo. Sasa, tabia moja ya mdudu huyu ni kwamba wote katika shamba huwa wa umri mmoja. Wakishakuwa wakubwa huingia ardhini karibu siku moja, wakawa pupa, na shamba likatulia. Kupiga dawa wakati huo ni kutupa fedha, na mahindi machanga mara nyingi huchipua tena. Kwa hiyo nilimwandikia: "Mama, hao ni viwavijeshi. Wamekwisha kuwa wakubwa. Usinunue dawa, siku chache zijazo wataingia ardhini wenyewe."

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Alisema: "Bwana Shamba, wadudu wako hawakuingia ardhini. Wameingia kwenye mahindi."

Nilikwenda kwa pikipiki siku ile ile. Jambo la kwanza lililonitisha ni kuona ukubwa mbalimbali katika shamba moja: mayai chini ya majani yamefunikwa kitu kama manyoya, viwavi wadogo kama uzi, na wengine wa urefu wa sentimita tatu na zaidi. Majani yalikuwa na madirisha, yaani sehemu zilizokwanguliwa hadi zikabaki kama nailoni, na katikati ya kila mhindi kulikuwa na kinyesi kama unga wa mbao. Nikamtoa mmoja kwa kijiti, nikamweka kiganjani. Nyuma, katika pingili ya pili kutoka mwisho, palikuwa na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba kama pembe nne za meza.

Huyo alikuwa Spodoptera frugiperda, kiwavijeshi vamizi, mwenyeji wa Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Tanzania na Kenya. Habari zake nilikuwa nimezisikia, lakini nilidhani bado yu mbali. Hatembei kwa majeshi kama jina lake linavyodai. Hujificha ndani ya mhindi, ambako dawa iliyopigwa juu juu haimfikii, na katika joto letu kizazi huchukua kiasi cha siku 30 tangu yai hadi nondo. Kundi moja la mayai huwa na mayai 100 hadi 200. Wa kwanza hawajaondoka, wa pili wamekwisha kuanguliwa. Kumwambia mkulima asubiri waondoke ni kumwambia asubiri njaa.

Mama yule alizoea kuvuna magunia 20 na zaidi. Mwaka ule alivuna manne. Mwanawe alikuwa kidato cha tatu na hela yake ya hosteli ilitoka kwenye magunia hayo. Hakunitukana. Tulikaa chini ya mwembe wake akaniuliza: "Kwani picha haikuonyesha?"

Nikamjibu: "Ilionyesha mgongo tu, mama."

Akasema: "Sasa mbona hukuniambia nipige nyingine?"

Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo, na ndilo lililonifanya nianze kujifunza kazi hii upya nikiwa na miaka 56.

Watu wengi wameshika kwamba kiwavijeshi vamizi ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni. Ni kweli anayo, nayo ni nyeupe nyeupe na huonekana vizuri. Lakini yule wa kwetu naye ana alama inayofanana na hiyo, ingawa haiko wazi vile vile. Mtu akikuletea picha ya uso peke yake, bado hujapata jibu. Madoa manne ya mraba ndiyo yanayoamua, na ili uyaone unahitaji picha ya nyuma. Tena kiwavi awe mkubwa kiasi, maana akiwa mchanga sana alama zote mbili hazijatokeza. Funza wa mabua ni wengine kabisa. Hao rangi yao ni ya maziwa au waridi hafifu, wana vidoa vidogo mgongoni na kichwa cha kahawia kisicho na Y. Nao hawafanani wote. Yupo aliye mwenyeji wa Afrika na hupenda nyanda za juu, na yupo Chilo aliyetoka Asia ambaye husitawi zaidi sehemu za chini na pwani. Ndiyo sababu siku hizi picha isiyo na jina la mahali siijibu hata ikiwa safi namna gani. Nataka kujua imepigwa Makete au Bagamoyo, tarehe ngapi, na mdudu alikuwa juu ya mmea gani.

Juu ya upigaji wenyewe, nitasema machache ambayo mjukuu yeyote anaweza kuyafanya. Mtoe mdudu katika jani, mweke juu ya karatasi nyeupe, na kando yake weka sarafu au rula, kwa sababu katika picha mende na ng'ombe hulingana. Pigia nje kwenye kivuli, asubuhi. Jua la mchana hung'arisha mgongo wake na kufuta madoa. Usivute picha kwa vidole ili kumkuza, bali sogeza simu yenyewe, uisubiri itulie. Mpige juu, ubavuni, usoni na nyuma. Akiwa ni nondo, nataka kumwona ametulia mabawa yamelala, kisha, ikiwezekana, bawa la nyuma ambalo hulificha chini ya lile la mbele. Usimshike kwa vidole. Lile vumbi linalobaki mkononi ndiyo magamba yenye rangi yake, na nondo aliyepukutika ni sawa na kitabu kilichofutika. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa njiani na vitu vidogo hupotea. Nimewahi kuhesabu madoa matatu kwa mdudu mwenye madoa manne kwa sababu hiyo tu.

Msidhani haya ni ya viwavi peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi yetu tulikuwa vijana wapya kazini, na huko Tabora mahindi yaliyohifadhiwa ghalani na ndani ya nyumba yakaanza kugeuka unga. Mdudu alikuwa mdogo wa milimita tatu au nne, naye alifanana na wadudu wa nafaka tuliowazoea. Alipotambuliwa ikaonekana ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, ndiye huyu leo tunayemwita dumuzi. Mkitaka kumtofautisha na fukusi, tazameni uso: fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga na mara nyingi madoa manne mekundu-mekundu mgongoni, lakini dumuzi ukimtazama kutoka juu kichwa hukioni, kimejificha chini ya kifua kama mtu aliyejifunika shuka. Tena nyuma yake amekatika wima, kana kwamba amepigwa msumeno. Yupo ndugu yake mdogo, aliyekuwepo siku nyingi kabla yake, ambaye nyuma yake ni mviringo. Tofauti ya hawa wawili ni sehemu ya milimita, lakini yule wa zamani haharibu mahindi kwa kiasi hicho, na mgeni anaweza kula ghala zima na nguzo zake.

Mtaniuliza juu ya mashine. Ndiyo, zipo, na nazitumia. Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania (Penn State) huko Marekani, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilitengeneza programu ya simu iliyopewa jina la Nuru, inayotazama majani ya mahindi na kusema kama yameliwa na kiwavijeshi vamizi, nayo hufanya kazi hata pasipo mtandao. Mwaka 2008 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walianzisha iNaturalist, ambako mtu huweka picha ya mdudu na watu wa dunia nzima hutoa maoni. Jina halithibitishwi mpaka zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wakubaliane. Utaratibu huo naupenda. Unanikumbusha vikao vya viranja. Lakini mashine hujifunza kwa picha ilizolishwa, na picha nyingi zimetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, maana huko ndiko wapigaji walikojaa. Nimeionyesha nondo wa Uluguru, ikanipa jina la nondo wa Uingereza bila kusita hata kidogo. Haikusema uongo kwa makusudi. Ilijibu upesi kwa kuchagua katika wale inaowafahamu, kama nilivyofanya mimi masika yale.

Isitoshe, wako nondo ambao picha haiwezi kuwatambua, ipigwe na nani, itazamwe na nani. Aina mbili zinaweza kulingana bawa kwa bawa, na tofauti ikawa katika viungo vya uzazi, ambavyo mtaalamu huvitazama kwa darubini baada ya kumpasua mdudu. Siku hizi hutumika pia kipande cha vinasaba, njia iliyopendekezwa mwaka 2003. Kwa hao jibu la kweli ni kutaja ukoo na kunyamaza hapo. Mkulima hafurahii jibu hilo, na mimi mwenyewe ilinichukua muda kulizoea, kwa sababu mtu aliyeitwa mtaalamu huona aibu kutamka "sijui" mbele ya watu. Lakini nimegundua kwamba likifuatiwa na "nipigie nyingine ya nyuma", watu hawalichukii.

Wakati mwingine jina lenyewe ni la haraka kuliko picha nzuri, na hapo sisumbuki na sarafu wala karatasi. Mwanafunzi mmoja wa hapa hapa aliniletea picha ya mdudu mwembamba, mwekundu wa machungwa na mweusi, mwenye kipande cha bluu kinachong'aa katikati, akiuliza kama anauma. Ni yule ambaye wengi humwita inzi wa Nairobi, ingawa si inzi wala hatokani na Nairobi zaidi ya kwingine. Ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi. Ila ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake hutoa malengelenge kama ya moto. Nilimjibu kwa maneno matatu: "Mpulize, usimponde, nawa." Picha yake ilikuwa mbaya sana, lakini rangi zile hazina mwenzake katika bweni.

Nimalizie na mama yule, kwa sababu bado tunaandikiana. Mwaka uliofuata alinunua simu yake mwenyewe. Sasa kila mdudu anampiga picha nne, na sarafu pembeni, na asiponijua kama nimeridhika hupiga ya tano. Msimu uliopita alinitumia kiwavi wa kijani ambaye mgongo wake niliuona, uso wake niliuona, nyuma yake niliiona, na bado sikumjua. Nikamwambia hivyo. Akajibu kwamba basi atamfuga. Alimtia katika chupa ya jamu pamoja na udongo kidogo na majani, akafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa, ili atoke nondo tumtambue kwa mabawa.

Baada ya siku kadhaa akaniletea picha nyingine. Kiwavi alikuwa amekufa, na ubavuni mwake palikuwa na vifuko vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele. Siku chache baadaye vikatoka vinyigu vyeusi visivyozidi milimita tatu. Walikuwa wameishi ndani ya kiwavi muda wote tuliokuwa tukimpiga picha, na hakuna pembe ya simu ambayo ingewaonyesha. Aliniuliza awaue au awaachie. Nilimwambia afungue kitambaa akiwa katikati ya shamba. Kiwavi yule jina lake hatukulipata.

Ndugu Mwenyekiti, juu ya meza ile ya pembeni nimeweka picha kumi na viberiti vitatu. Viberiti vina wadudu halisi, waliokauka, kwa hiyo msiogope kufungua.